Sauti ya Kipini

Kunguru alifika wakati Mwatima akijaza maji kwenye mabeseni ya ndege. Alitokea upande wa pwani, chini chini, karibu aguse bahari, kimya kabisa, kama mtu anayeingia dukani akijua mwenye duka kasinzia.

Kipini ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amelalia yai lake kwenye ukingo wa kaskazini wa kisiwa cha mchanga cha Fungu Shungi, buabua mdogo mweupe, ndege wa baharini mwenye kofia nyeusi kichwani kama buabua wenzake wote, ila yeye alikuwa na nukta nyeusi pembeni mwa mdomo iliyompa jina lake. Alinyoosha shingo, akalia. Ulikuwa mlio mkali wa kukwaruza, unaopanda mara mbili kisha unakatika ghafla. Kwa buabua mlio huo una maana moja tu: inukeni. Misimu yote ambayo Mwatima alifanya kazi pale, mlio huo ukitoka kooni mwa Kipini, fungu zima la ndege lilipaa kwa pamoja, na adui alipokewa na midomo isiyo na idadi kabla hajakanyaga mchanga.

Leo hakuinuka hata mmoja.

Kipini akalia tena. Jirani yake aligeuza kichwa, akamtazama, kisha akarudi kutazama mbele. Kunguru akatua katikati yao kwa raha zake, akachagua yai, akalitoboa na kulinywa pale pale, huku mwenye yai akipigapiga mdomo hewani peke yake. Akachagua la pili. Mwatima alitupa ndoo akakimbia, koti lake la njano likimpiga magotini, akichagua pa kukanyaga kati ya viota. Kunguru alimsubiri mpaka akakaribia, ndipo akaruka na yai jingine mdomoni.

Faki, nahodha wa boti ya umeme wa jua, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa chombo chake akitazama yote hayo. Alisema ndege wa Mwatima wamekuwa viziwi, au labda wamechoshwa na makelele ya yule bibi Kipini. Mwatima alijibu kitu.

"Sema tena," Faki akamwambia. Watu walimwambia Mwatima maneno hayo tangu utotoni. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata mwalimu wake wa chuo alizoea kuinama akimsikiliza.

"Si viziwi," akarudia. "Hawamwamini."

*

Miji yote ya pwani ilikuwa na king'ora cha Kivuli. Siku za joto la mvuke kilipolia, watu waliacha walichokuwa wakifanya na kushuka kwenye kumbi za chini ya ardhi, wakakaa huko mpaka alasiri. Ilikuwa sheria, na aliyekutwa nje bila shuka la baridi, lile la kupoza mwili, alirudishwa kama mtoto mtoro. Ndege hawakuwa na ukumbi wala king'ora.

Buabua halalii yai lake ili kulipasha moto tu. Mchana analikalia ili alikinge na jua, na akishakaa haondoki. Mwaka wa kwanza wa joto kubwa, Mwatima alikuwa bado mwanafunzi. Alifika funguni na wenzake alasiri wakawakuta buabua wamekaa kwa safu zao, mabawa yamefunguka kidogo, midomo wazi, kana kwamba wanahema. Alipomgusa mmoja kwa kidole, ndege alianguka ubavu. Chini yake yai lilikuwa zima.

Waliwajengea vibanda vya makuti. Upepo ukaving'oa, na nguzo zilizobaki kunguru wakazifanya mahali pa kukaa na kuchagua. Ndipo Profesa Yumna, mkuu wa kituo cha uokoaji, alipokuja na wazo lake. Kama ndege wangeweza kuondolewa kabla joto halijafika ukomo, wangekwenda kujichovya baharini, na watu wangeyaokota mayai na kuyaweka kwenye makasha ya ubaridi, kisha kuyarudisha jua likipungua ukali. Tatizo lilikuwa kuwaondoa. Wafanyakazi walikuwa wamewazoesha buabua koti la njano kwa miaka mingi, ili waweze kupita kati yao bila kuwashtua, na sasa ndege hawakumwogopa yeyote. Ungeweza kumsogeza buabua kwa mkono naye akarudi kukaa pale pale.

Kazi ya Mwatima ilikuwa kusikiliza. Misimu mitatu alikaa na vipokezi masikioni, kompyuta ikitenganisha mlio na mlio, ndege na ndege. Yeye ndiye aliyegundua kwamba fungu haliinuki kwa ukelele wa kila ndege. Wapo buabua waoga wanaopiga kelele kwa kivuli cha wingu, na hao wenzao waliwapuuza. Wapo wachache ambao hawakulia bure hata siku moja. Kati ya hao hakuna aliyesikilizwa kama Kipini.

Basi wakaichukua sauti ya Kipini. Waliitia kwenye mashine waliyoiita Mwito, yenye vipaza sauti vilivyotengenezwa mfano wa mawe na kutawanywa kote funguni. Siku ya joto, kidole kimoja kikibonyeza, Kipini alilia kutoka pembe zote kwa wakati mmoja, na fungu zima likapaa. Mwaka ule hakufa ndege hata mmoja. Mwatima alilia kwa furaha nyuma ya boti, mahali ambapo hakuna aliyemwona.

Mwaka uliofuata siku za joto zikaongezeka, na Mwito ukalia nyingi kati ya siku hizo. Kila mara ndege waliinuka, wakazunguka angani wakimtafuta adui, wasimwone. Walikuwa wakijifunza. Kitu walichojifunza ndicho alichokiona Mwatima asubuhi hii, kunguru akinywa yai na Kipini akilia peke yake kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

*

Kipimajoto cha mvuke kilikuwa kimefungwa kwenye mlingoti wa boti. Sindano yake ilikuwa imevuka rangi ya kijani na inatambaa kwenye ile ya manjano. Chini ya turubai la boti, waokota mayai walikuwa wakijifunga mashuka ya baridi na kutaniana, wanawake wa pwani waliozoea kuinama siku nzima. Mkubwa wao alikuwa Bi Mize, shangazi yake Mwatima, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kisiwa cha pili.

Mwatima alisogea mbele ya boti akampigia profesa. Alimweleza habari ya kunguru. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kumkata mwenzake kauli, kisha akasema alikuwa akilihofia jambo hilo, na ndiyo sababu alijiandaa. Walikuwa wamepata sauti ya ndege mwingine wa kuaminika, yule waliyemwita Ushanga, wa upande wa kusini. Imeshatiwa kwenye Mwito. Mwatima abonyeze tu.

"Na Ushanga naye wakiacha kumsikia?" Mwatima akauliza.

"Wapo wengine, mwanangu."

"Na hao wakiisha?"

Sauti ya profesa ilikuwa ya mtu aliyelala na swali hilo siku nyingi. "Mwatima, ndege aliyekwisha kufa hana hata wa kumwamini. Mimi nawataka wawe hai kwanza. Wewe unataka nini?"

Alitaka yote mawili, wala hakuona haya kulisema. Alisema buabua hana nyumba wala silaha, ana mwenzake anayelia tu. Wakimnyang'anya hilo watawaokoa na jua na kuwakabidhi kwa kunguru. Alisema pia, kwa sauti iliyozidi kupungua, kwamba sauti ile si ya kituo. Ni ya Kipini, na hawakumwomba.

Profesa hakukasirika. Alisema anamwelewa, na kama ana njia nyingine aitumie sasa hivi. "Lakini mimi nakiona kipimo kutoka huku. Sindano ikigusa nyekundu nitabonyeza mwenyewe. Sitakulaumu, na wewe usinilaumu."

Mwatima alikata simu akabaki anatazama fungu. Kipini alikuwa amekaa, mdomo wazi.

*

Alipokuwa mtoto, kabla bahari haijalitia chumvi bonde la mpunga, Mwatima alipelekwa na shangazi yake kuwinga ndege. Kila familia ilikuwa na dungu shambani, jukwaa la miti, na mtoto juu yake na debe lake, kazi yake kupiga kelele toka alfajiri ili minana wasishuke kwenye mpunga. Watoto wengine waliipenda kazi ile kuliko mchezo. Mwatima alipanda dunguni, akaliinua debe, akawaona minana wametua mbele yake na mashavu yao ya manjano, akashindwa. Aliwaambia waende. Aliwaambia kwa adabu. Walikula mpunga wa nyumba nzima, na kisa hicho kilisimuliwa kila harusi.

Sasa alirudi chini ya turubai akamwomba shangazi yake debe la kuchotea maji.

"La nini?"

"Nataka kuwinga."

Wanawake waliangua kicheko. Bi Mize akamtazama kwanza kuona kama anatania. "Wewe, Mwatima? Wewe uliyekuwa ukiwaomba radhi minana?"

Mwatima aliwaeleza. Alisema ukelele wa uongo ndio unaoliua fungu, basi leo uwe wa kweli. Awepo adui wa kweli, anayeonekana kwa macho, anayechukua mayai mbele ya wenyewe, na Kipini alie kwa sababu anayo sababu ya kulia. Wao wabaki na makoti yao ya njano, waingie baada ya ndege kupaa, waokote kama kawaida, na alasiri wayarudishe mayai. Adui atakuwa mmoja tu.

Faki akajitolea. Alisema yeye ana sauti, na ndege hao hawamjui vizuri. Mwatima alimshukuru, akamwonyesha mchanga. Yai la buabua lina madoa ya mchanga juu ya rangi ya mchanga, na kiota chake si zaidi ya alama ya kisigino. "Ukikimbia humo utayavunja kabla jua halijayapika," akamwambia. Waokotaji kila mmoja aliijua safu yake. Mwatima peke yake aliyajua yote, aliweza kulivuka fungu amefumba macho.

Bi Mize hakuwa akicheka tena. Alimkumbusha habari za yule mwanafunzi aliyevunja mayai kwa uzembe. Buabua walimshika sura. Alibadilisha koti, akabadilisha kofia, akafuga ndevu, na bado kila aliposhuka kwenye boti walimjia yeye tu kati ya watu wote, msimu baada ya msimu, mpaka akaacha kazi. "Hawa ndege hawasahau uso, mwanangu. Wewe ndiye wanayekuachia utie mkono chini ya matumbo yao. Ukifanya hivi umekwisha nao."

"Najua, shangazi."

"Si kwa leo tu."

"Najua."

Bi Mize alimwaga maji yaliyokuwa ndani ya debe, akampa.

*

Mwatima alivua koti la njano na shuka la baridi akaviacha kwenye boti. Alibaki na gauni lake jeusi, kanga kafunga kiunoni. Joto lilimwangukia mabegani kama mtu anayemkalia. Alishika debe mkono mmoja na fimbo mkono mwingine, akapanda funguni.

Alipiga debe. Buabua wa karibu waligeuza vichwa. Alipiga tena, akafungua kinywa kuwapigia kelele, ikatoka sauti ile ile ya dunguni. Ndege mmoja alijinyoosha bawa. Waliijua hatua yake. Walimjua kwa anavyoinamisha kichwa akitembea, na gauni jeusi halikuwababaisha. Alipita safu nzima akipiga debe, akachota mchanga akautupa juu yao, na wao wakakunguta manyoya na kutulia, kama jamaa wanaomvumilia mgonjwa wa nyumbani.

Nyuma yake alimsikia Faki akimpigia kelele kwamba sindano imekaribia.

Akaenda kwa Kipini.

Kipini alimtazama kwa jicho moja, kisha akafanya alilolifanya kila siku Mwatima alipokuja kukagua yai: akainua tumbo kidogo na kusogea pembeni, kumpa nafasi. Mdomo wake ulikuwa wazi, koo likitetemeka kwa kiu. Mwatima alisimama pale. Alijua kwamba akigeuka sasa hivi na kurudi botini, ndege huyu ataendelea kumsogezea tumbo hivyo hivyo mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo huenda ni leo.

Aliinama, akalichukua yai.

Kipini alingoja mkono urudi. Haukurudi. Akagusa mchanga kwa mdomo, mahali palipokuwa na yai, akagusa tena, akamtazama Mwatima.

Na Mwatima akapiga kelele. Hakuwa ametafuta neno. Kilitoka kitu tumboni mwake ambacho hajapata kukisikia, kikubwa, kibaya, kikamkwaruza koo kikipita, na kwa mguu aliusukuma mchanga ukamwagika juu ya Kipini kichwa mpaka mkia. "Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni, nakula mayai yenu!"

Kipini aliruka. Alipaa juu ya kichwa cha Mwatima, akalia mara mbili, mlio unaopanda na kukatika. Ukapita muda ambao Mwatima aliuona mrefu. Kisha jirani yake Kipini alimtazama mtu yule mweusi mwenye yai mkononi, akainuka. Akainuka aliyefuata. Halafu safu. Halafu upande wote wa kaskazini, na kusini ambako hawakuweza hata kumwona, wakapaa kwa kumsikia Kipini tu, mpaka mchanga ukabaki mtupu na mbingu ikajaa.

Wakamjia. Alijikunyata akilifunika yai kwa mikono yote miwili, na kichwa akakiacha wazi kwa kuwa hakuwa na mkono wa tatu. Waokotaji waliingia mbio na makasha yao, makoti ya njano yakipita kulia na kushoto kwake, na hakuna ndege aliyewagusa.

Kule botini simu ilikuwa ikiita. Faki alisimulia baadaye kwamba profesa, aliyesikia kwa mashine fungu likipaa, aliuliza nani amebonyeza, maana kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Faki akamwambia hakuna aliyebonyeza, huyo ni Mwatima anapiga kelele. Profesa akauliza, "Mwatima yupi?"

*

Alasiri joto lilipungua na mayai yakarudishwa mahali pake. Si yote. Machache yalikuwa yamekaa juani kupita kiasi, na buabua wawili wa upande wa magharibi, wakongwe, hawakuwa wameinuka kabisa. Bi Mize aliwabeba ndani ya kanga yake mpaka botini. Wengine wote walirudi kutoka baharini, matumbo yamelowa, wakashuka mmoja mmoja kwenye viota vyao.

Mwatima alikuwa amekaa chini ya turubai, kichwa kimefungwa kitambaa chenye madoa ya damu, amejifunga shuka la baridi mpaka kidevuni. Profesa alipiga tena. Alisema sauti ya Ushanga ameitoa kwenye mashine, na ile ya Kipini pia. Kisha akamwambia kwamba kesho joto litarudi, na keshokutwa, na msimu bado mbichi. Mwatima akasema atakuja hivyo hivyo, bila koti. Profesa akauliza kama anaelewa kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake sasa. Mwatima akasema anaelewa.

Kabla ya kuondoka alitaka kujua jambo moja. Alivaa koti lake la njano, akafunga vifungo vyote, akateremka majini. Alitembea polepole, kichwa kimeinama, kama alivyotembea asubuhi zote za miaka ile, wala hakufika nchi kavu. Maji yalikuwa bado magotini pale Kipini aliponyoosha shingo.

Alilia mara moja tu. Fungu zima likainuka.

Mwatima alisimama akawatazama wakija, kundi moja zima, hakuna aliyebaki nyuma kujiuliza kama ni kweli. Aliwaacha wamfikie kwanza. Kisha akageuka, akarudi botini akiwa amejifunika kichwa kwa mikono, na Faki akamvuta juu. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na damu mpya ilikuwa inamshuka karibu na sikio.

Faki alimuuliza kama inauma.

"Inauma sana," Mwatima akasema, na safari hii hakuna aliyemwambia arudie.